Dondoo muhimu: Mtoto anayeogopa kusoma

Mtoto wa Nzahaha, Rwanda, hufundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Ndiyo sera ya nchi tangu 2019. Akikwama, nyumbani anzeni na Kinyarwanda, lugha anayoielewa tayari.

• Chagua hadithi fupi, rahisi kuliko ya darasani. Isomeni pamoja kwa sauti; akishaizoea, nyamaza aendelee peke yake. Akisita, subiri. Usimrukie na jibu, wala usiruhusu ndugu zake wamcheke: hofu ya kuchekwa humfunga mdomo hata anayejua.

• Kesho rudieni hadithi ileile.

• Mwombe amsomee mdogo wake, ambaye hatahesabu makosa.

• Akisogeza kitabu karibu mno na uso, mpeleke kituo cha afya akapimwe macho.