Godoro Limelowa Tena

Wadogo zangu, leo nazungumza na wewe uliyeanika godoro uani asubuhi huku ukifoka mpaka jirani akasikia. Mtoto ana miaka saba, na wenzake wameshampachika jina la kikojozi.

Sikiliza, mdogo wangu. Adhabu humfunza mtoto pale tu anapokuwa anajua anachokitenda. Huyu alikuwa usingizini: kibofu kimejaa, ubongo haukushtuka, mkojo ukatoka. Ukimchapa alfajiri atajifunza kukuogopa na kuficha shuka uvunguni, basi. Mwaka 1938, huko Marekani, mwanasaikolojia O. Hobart Mowrer na mkewe Willie Mae walieleza kifaa cha kengele kinacholia mara mkojo unapogusa tandiko. Mtoto huamka palepale, na baada ya majuma kadhaa wengi huzoea kuamka wenyewe au kulala hadi asubuhi wakiwa wakavu. Madaktari bado wanakitumia. Kengele hulia wakati wenyewe. Fimbo yako ya saa kumi na mbili imeshachelewa.

Katika watoto 100 wa miaka 5, kama 15 bado wanakojoa kitandani, na wengi huacha kadiri wanavyokua. Tena jambo hili hurithiwa. Muulize mama mkwe, kwa upole, baba wa mtoto aliacha lini. Kama naye alichelewa, amwambie mwanawe kwa kinywa chake mwenyewe. Hakuna dawa ya aibu ninayoiamini kuliko hiyo.

Anayeniumiza zaidi ni yule aliyekaa mkavu mwaka mzima, kisha ghafla akaanza upya. Hapo tafuta kilichobadilika. Amezaliwa mdogo wake? Amepelekwa bweni? Kuna msiba, au wazazi hamsemezani? Kuna mtu anamtisha au kumgusa vibaya? Muulize mkiwa wawili, mnamenya viazi au unamsuka, na akianza kusema usimkatize hata kama moyo unawaka. Na mpeleke zahanati apimwe, maana maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari, hata choo kigumu huweza kujitokeza hivyo. Akiwa na kiu isiyoisha na anakonda, mpeleke leo hii.

Nyumbani, anywe maji ya kutosha mchana, apunguze jioni, na chai ya usiku aiache. Aende haja kabla ya kulala. Kama choo kiko nje, mpe tochi au msindikize. Giza la uani linamtisha mtoto kuliko unavyodhani. Tandika mpira chini ya shuka. Asubuhi akusaidie kuloweka shuka, bila hotuba, na ndugu zake wakimtania wakataze hapohapo.

Likizo ikifika naye hataki kwenda kwa bibi, usimlazimishe wala usimfungie nyumbani. Mpigie bibi simu mapema, mweleze faraghani, kisha mfungashie mwanao mpira wake na shuka la akiba chini kabisa ya begi.