Kipi Kibadilishwe Mapema, Kipi Kiachwe Kife

Muhula uliopita mhadhiri wetu wa matengenezo ya mitambo alituuliza swali jepesi: kifaa kinachofanya kazi vizuri, kibadilishwe kabla hakijafa au kisubiriwe mpaka kife? Darasa zima likajibu kwa sauti moja kwamba kibadilishwe. Mmoja wetu akatupia na methali ya ufa na ukuta. Tukacheka, mhadhiri naye akacheka, halafu akaandika ubaoni maneno mawili: "Ufa upi?" Kipindi kizima kiliishia hapo.

Mimi swali lile lilinigusa kuliko wenzangu. Ada yangu ya mwaka wa kwanza ilitoka kwenye Hiace ya baba, na Hiace hiyohiyo ndiyo iliyonifanya nichelewe kusajiliwa muhula wa pili. Basi nitalieleza somo kwa kutumia gari lile, maana fomula tupu, kwangu mimi angalau, huwa haikai kichwani.

Hiace yetu ni ya dizeli, injini ya 3L, na wakati huo ilikuwa ikipiga ruti ya Chalinze na Morogoro. Kwenye dashibodi za Toyota nyingi za dizeli kuna kitaa kilichoandikwa T-BELT. Watu wengi wanadhani kitaa hicho kinapima kitu ndani ya injini. Hakipimi chochote. Kinahesabu kilomita tu, na zikifika 100,000 kinawaka kukumbusha kwamba mkanda wa taimingi umefikia umri wa kubadilishwa. Chetu kiliwaka mwezi wa tisa. Dereva akampigia baba simu, baba akauliza gari lina tatizo gani, na dereva akajibu ukweli wake: "Mzee, halina tatizo lolote, linavuta vizuri tu." Fundi mmoja wa pale stendi akasema kitaa kinazimika, akakizima bila hata kudai hela ya soda. Mkanda pamoja na ufundi ulikuwa shilingi 250,000, na mwezi uleule kulikuwa na bima ya kulipa. Ikaamuliwa tusubiri, gari likianza kusumbua tutabadilisha.

Simlaumu baba, na wala sidhani ulikuwa ubahili. Kosa limejificha kwenye hayo maneno "likianza kusumbua". Yanachukulia kwamba kila kifaa husumbua kwanza ndipo kife. Mkanda wa taimingi hausumbui. Ni mpira wenye meno na nyuzi ndani yake, umefichwa nyuma ya kava, haupigi kelele wala hautoi moshi. Unafanya kazi yake yote mpaka sekunde ile unapokatika au meno yake yanaponyofoka. Wetu ulikatika mwezi wa pili, gari likiwa limejaa abiria. Dereva anasema injini ilizima kama mtu aliyezima swichi. Akajaribu kupiga stata mara mbili tatu, na hapo nadhani aliongeza hasara.

Kwa ambao hamsomi uhandisi, mambo yako hivi. Ndani ya injini pistoni zinapanda na kushuka, na juu yake kuna valvu zinazofunguka kuingiza hewa na kutoa moshi. Mkanda wa taimingi unafunga kranki ya chini na kamshafti ya juu ziende kwa mpangilio mmoja: kranki ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kila pistoni inapanda mara 50 kwa sekunde moja. Mkanda ukikatika, kamshafti inasimama hapohapo ilipo, na kuna valvu zitabaki wazi. Lakini kranki bado ina kasi, kwa hiyo pistoni zinaendelea kupanda.

Dizeli inawasha mafuta kwa kuibana hewa mpaka iwe ya moto sana. Kwenye 3L hewa inabanwa kiasi cha 22 kwa 1, kwa hiyo pistoni ikifika juu kabisa nafasi inayobaki ni nyembamba mno. Valvu iliyobaki wazi haina pa kukimbilia, inagongwa. Kwetu valvu kadhaa zilipinda, silinda hedi ikafunguliwa na kupelekwa kwa wachongaji, na baba akalipa 2,400,000. Gari lilikaa siku 23 bila kuleta hesabu ya 60,000 kwa siku, ambayo ni 1,380,000 nyingine. Jumla 3,780,000, yaani kama mara 15 ya bei ya ule mkanda. Bumu langu halikutosha hata kuziba robo ya ada.

Sasa twende kwenye hesabu ambayo naona ndiyo kiini cha somo. Mtu anayebadilisha mapema naye anapoteza kitu, tusidanganyane. Tuchukulie mkanda ule ungeweza kwenda mpaka kilomita 130,000. Ukiubadilisha kwenye 100,000 umetupa kilomita 30,000 za uhai wake. Hiyo ni 30 juu ya 130 ya shilingi 250,000, kama 58,000 hivi. Hesabu ya siku moja ya Hiace inazidi hapo. Tulikuwa tunaokoa chini ya hela ya siku moja kwa kuweka rehani mapato ya miezi miwili.

Ningeweza kuishia hapa na kusema kila kitu kibadilishwe mapema, lakini kuna gari la mama mdogo. Yeye ana Noah ya zamani ya petroli, injini ya 3S-FE, nayo ina mkanda wa taimingi. Ule nao ulikatika, miaka kadhaa kabla ya wa kwetu. Gari likavutwa mpaka gereji, likafungwa mkanda mpya, kesho yake akaenda nalo kazini. Mgandamizo wa petroli ni mdogo, kama 9 au 10 kwa 1, na kwenye injini hii pistoni na valvu hazikutani hata mpangilio ukivurugika. Kifaa ni kilekile na kifo ni kilekile, ila hasara ni mbingu na ardhi. (Wenye IST msihangaike, injini yenu ya 1NZ-FE inatumia cheni.) Hata hivyo mkanda wa Noah mimi bado ningeubadilisha kwa wakati, maana gari linaweza kuzima ukiwa unalipita lori, au usiku katikati ya mbuga ya Mikumi. Ila kama hela ni ya gari moja tu, Noah ingesubiri nyuma ya Hiace.

Watu wa ndege ndio waliolifikiria jambo hili kwa kina. Mwaka 1978 F. Stanley Nowlan na Howard F. Heap wa shirika la United Airlines walitoa ripoti kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Kabla yao wengi waliamini kila kifaa kina umri wake wa kuchoka. Wao walikuta kwamba ni kama asilimia 11 tu ya vifaa vya ndege walivyochunguza ndivyo vilivyoonyesha dalili ya kuchoka kwa umri. Asilimia 68 vilikuwa na hatari kubwa zaidi vikiwa vipya, kisha hatari ikashuka na kubaki palepale. Ukichomoa kifaa cha aina hiyo kilichokwisha kukomaa na kufunga kipya, hujazuia chochote. Umejirudisha kwenye kipindi cha hatari.

Nami nikiwa mafunzo kwa vitendo gereji niliona hilo kwa macho yangu. Mteja mmoja alisoma mahali kwamba oltaneta ibadilishwe kila baada ya miaka kadhaa. Yake ilikuwa inachaji vizuri, tena ni ile iliyokuja na gari. Ikatolewa, ikafungwa "mpya" ya bei poa kutoka dukani. Wiki ya pili alirudi akiwa anavutwa. Kwenye soko letu la spea feki, "mpya" maana yake mara nyingi ni kwamba haijajaribiwa. Na mkono wa fundi nao una gharama yake: ukifungua kitu kizima unaweza kusahau nati au kukata waya wa jirani. Oltaneta ina taa ya betri ya kukuonya na unaweza kuipima kwa mita. Ipime, ikiwa nzima iache.

Pedi za breki nazo zina uungwana wao. Nyingi zimewekewa kibati kidogo kinachokwaruza diski na kupiga mluzi zinapokaribia kuisha, kwa hiyo kazi yako ni kuzikagua na kusikiliza. Usizitupe zikiwa nusu. Mafuta ya breki ndiyo yenye hila. Yanakunywa unyevu wa hewani taratibu. Mafuta ya DOT 3 yakiwa makavu yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango kinachokubalika ni 140. Mjini hutajua tofauti, pedali iko vilevile. Utajua siku unashuka Kitonga na mzigo, breki zimepata moto, mafuta yanachemka, pedali inazama mpaka chini. Hapa sina mjadala: yabadilishwe kwa kalenda, kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama gari halina tatizo lolote na linavuta vizuri tu. Globu ya ndani ya gari, kwa upande mwingine, iache iungue kwa raha zake.

Mkanda wa Hiace umeshabadilishwa tena mara moja tangu hapo, na kilomita za zamu ijayo zimeandikwa kwa maka pen kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya dashibodi, mahali ambapo fundi wa stendi hawezi kuzizima. Mwezi jana baba alinipigia. Tairi la mbele lilikuwa linavuma gari likifika kasi ya 60, na fundi alikuwa ameshauri beringi zote nne zibadilishwe kabisa ili kuwe na amani. "Wewe msomi unasemaje?" Nikamwambia, "Mzee, msinunue kitu kwanza. Inyanyueni kwa jeki, zungusheni tairi mojamoja kwa mkono na msikilize." Jioni akarudisha jibu: ni ya kulia mbele peke yake. Ikafungwa hiyo moja. Nyingine tatu bado zipo barabarani.