"Wimbo huu ni wangu": Mapenzi ya shabiki na afya ya akili

Mtu akiingia kliniki akitetemeka kwa homa, tunachukua damu, tunaipima, na jawabu linapatikana. Lakini kuna maumivu yasiyoonekana kwa darubini, ambayo mwenyewe huona haya hata kuyataja. Mojawapo ni uchungu wa shabiki, yaani mtu aliyependa kitabu, bendi, mchezo wa redio au wimbo ambao wengi hawaujui, akaupenda mpaka akauona ni mali yake, kisha siku moja akahisi ameporwa.

Tuchukue mifano miwili. Wa kwanza ni mzee aliyestaafu, mkazi wa mtaa wa Langas hapa Eldoret. Ana sanduku la kaseti za Kipchamba arap Tapotuk, mpiga gitaa mashuhuri wa Kikalenjin aliyefariki mwaka wa 2007. Mwanawe anachukua kaseti moja bila ruhusa, utepe unanasa katika redio na kukatika. Mzee hali chakula cha jioni. Presha yake, ambayo ilikuwa imetulia kwa dawa, inapanda, na kwa wiki tatu hamsemeshi mwanawe.

Wa pili ni msichana wa chuo. Alimpenda mwimbaji fulani wakati ambapo hakuna aliyemjua. Alikariri kila ubeti na nyimbo zile zikamvusha katika mwaka mgumu. Sasa mwimbaji amepata jina, amebadilisha mtindo, na nyimbo zake zinapigwa katika kila matatu. Badala ya kufurahi, msichana analia. Halali vizuri, na marafiki anaowaita "wageni" amewatukana kwa kuimba wasichokielewa.

Watu hawa wawili ni wa mfano tu, lakini huenda msomaji ukawatambua katika nyumba yako. Si wendawazimu, wala si wapumbavu. Makala haya yanaeleza hisia hiyo inakotoka, inapokuwa na faida, na inapofikia kuhitaji msaada.

Hisia hii hutoka wapi?

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti Jon Pierce, Tatiana Kostova na Kurt Dirks walichunguza kwa nini mfanyakazi huona mashine au ofisi ya kampuni kuwa "yangu" ingawa hana hata karatasi moja ya kuthibitisha. Walitaja njia tatu zinazotufikisha hapo. Ya kwanza ni kuwa na uwezo wa kukitawala kitu. Ya pili ni kukijua kwa undani. Ya tatu ni kukitolea nguvu, muda na nafsi yako.

Sasa mtazame shabiki. Ameujua wimbo kwa undani hata anajua mahali mwimbaji anapovuta pumzi. Ametoa fedha, saa za usiku na machozi yake. Njia mbili kati ya tatu amekwisha kuzipita. Iliyobaki ni ya kutawala, na hiyo ndiyo hana. Mwenye wimbo anaweza kuubadilisha kesho bila kumwuliza. Uchungu mwingi wa shabiki huzaliwa katika pengo hilo.

Kazi isiyojulikana na wengi huongeza hisia hiyo. Wimbo unaopigwa kila mahali hakuna aliyeutafuta. Lakini ule ulioupata mwenyewe, ukauhifadhi na kuwaeleza watu ambao hawakujali, umeufanyia kazi kama mtu aliyelima shamba.

Mwili nao una sehemu yake. Mwaka wa 2011 watafiti wa Montreal, Canada, walionyesha kwamba mtu anaposikiliza muziki unaomsisimua, ubongo hutoa dopamini, kemikali ileile inayohusika na furaha ya chakula. Tena hutolewa hata kabla ya sehemu tamu kufika, wakati msikilizaji anaingojea. Ndiyo maana wimbo ukibadilishwa, shabiki huumia kama mtu aliyenyang'anywa tonge mdomoni.

Jambo la mwisho ni urafiki wa upande mmoja. Mwaka wa 1956 Donald Horton na Richard Wohl wa Marekani walieleza jinsi msikilizaji wa redio au mtazamaji wa televisheni anavyohisi kwamba anajuana na mtangazaji ambaye hajawahi kukutana naye. Shabiki anamjua msanii. Msanii hamjui shabiki. Kwa watu wengi hilo halina madhara. Kwa mpweke linaweza kuchukua nafasi ya marafiki wa kweli.

Funzo kutoka Kapkatet

Hatuhitaji kwenda mbali ili kuona kuwa watu wanaweza kuufanya wimbo wa mtu mwingine uwe wao. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey, mtaalamu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alifika Kapkatet, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Kericho. Huko aliwarekodi Wakipsigis wakiimba juu ya mtu aitwaye Chemirocha. Katika wimbo mmoja wasichana waliimba kwa kinubi wakimsihi acheze kwa nguvu hata aruke na kutoka katika nguo zake. Tracey aliandika kwamba Chemirocha huyo alifikiriwa kuwa nusu mtu na nusu swara.

Chemirocha alikuwa nani? Alikuwa Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyeimba nyimbo za mashambani, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika Bonde la Ufa. Jina lake lilipita katika ulimi wa Kikipsigis likatoka jipya. Rodgers mwenyewe hakupata kuyajua hayo. Aliugua kifua kikuu kwa miaka mingi na akafa tarehe 26 Mei 1933 akiwa na umri wa miaka 35. Wakati huo dawa za kutibu ugonjwa huo hazikuwa zimepatikana. Katika siku zake za mwisho za kurekodi huko New York aliwekewa kitanda ili apumzike kati ya wimbo na wimbo.

Wasichana wa Kapkatet hawakumwomba ruhusa, wala hawakumzuia mtu mwingine kumpenda. Walimchukua, wakamvalisha miguu ya swara na kumwalika achezee kwao. Baadaye zamu iligeuka. Wimbo wao ulipendwa na kikundi kidogo cha watu wa nchi za ng'ambo wanaotafuta rekodi za kale, ilhali nyumbani wengi hawakuwahi kuusikia. Ni mwaka wa 2014 ambapo maktaba ya Afrika Kusini inayohifadhi kazi za Tracey, pamoja na washirika wake wa Kenya, ilizirejesha rekodi hizo Bonde la Ufa na kuwasikilizisha wenyeji.

Hapo kuna somo la kiafya. Kuna "wangu" inayofungua mlango na kuna "wangu" inayoufunga. Ile ya kwanza humfanya mtu aimbe, acheze, atunze na kuwapa wengine. Bila wapenzi wachache wenye wivu wa kutunza, kanda nyingi za kale zingekuwa zimeoza. Ile ya pili humfanya mtu akae peke yake akilinda.

Daktari na mpelelezi wake

Arthur Conan Doyle alisomea udaktari Edinburgh, lakini ulimwengu unamkumbuka kwa sababu ya Sherlock Holmes, mpelelezi aliyemtunga katika hadithi. Mnamo Desemba 1893 alimwua mpelelezi huyo katika hadithi iliyotoka katika jarida la The Strand. Wasomaji walikasirika. Barua za lawama zilimfikia, na maelfu waliacha kulinunua jarida.

Je, wasomaji hao walijua nini kuhusu Doyle? Mwaka huohuo mkewe alikuwa amegunduliwa kuwa na kifua kikuu, na mnamo Oktoba baba yake alifariki. Holmes alirudi mwaka wa 1901 katika kisa kilichowekwa kabla ya kifo chake, na mwaka wa 1903 akafufuliwa kabisa. Wasomaji walifurahi, nasi tumepata hadithi nzuri. Lakini kumbuka kwamba nyuma ya kazi unayoiita yako kuna binadamu anayeuguza, anayezika na anayechoka. Shabiki anayedai "alikuwa na deni letu" hajui ni mlango gani anaubisha.

Dalili za kuangalia

Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2002, Lynn McCutcheon na wenzake waliyagawa mapenzi kwa watu mashuhuri katika ngazi tatu. Ya kwanza ni ya burudani, ambapo mtu hufurahi na kuzungumza na wenzake. Ya pili ni ya ndani zaidi, ambapo mawazo juu ya msanii humjia mtu hata asipotaka. Ya tatu inakaribia ugonjwa, ambapo mtu yuko tayari kuvunja sheria au kujidhuru kwa ajili ya msanii. Wengi wetu tuko ngazi ya kwanza na tunaweza kubaki hapo bila wasiwasi. Umwone daktari ukiona haya:

1. Umekosa usingizi au hamu ya chakula kwa muda wa wiki mbili au zaidi.

2. Kazi, masomo au ndoa imeanza kuharibika, au unakopa fedha ili ununue vitu vya msanii.

3. Umempiga, umemtisha au umemtukana mtu kwa sababu ya wimbo au kitabu.

4. Unaamini kwamba msanii anakupelekea ujumbe wa siri kupitia redio au nyimbo zake. Hii ni dalili nzito, na haifai kungoja.

5. Unahisi maisha hayana maana tena, au unawaza kujiua. Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiwa na mtu unayemwamini.

Mara nyingi daktari akiuliza kwa upole hugundua kwamba wimbo si chanzo. Chini yake kuna upweke, msiba usiolilia, kupoteza kazi au sonona. Mzee wa Langas huenda haombolezi kaseti tu. Pengine aliinunua alipokuwa akichumbia mke ambaye sasa ni marehemu. Msichana wa chuo huenda anaona kwamba kitu pekee kilichomfariji kimehamia kwa watu wasiomjua.

La kufanya

Kwanza, itaje hisia kwa jina lake. Sema, "Naona wivu," au "Naomboleza." Hisia iliyotajwa hupungua makali kuliko ile iliyofichwa nyuma ya ugomvi.

Pili, tenganisha kumbukumbu na kitu. Kaseti huharibika kwa joto, unyevu na sumaku, hata ukiifungia sandukuni. Ihamishe katika kompyuta au simu ukingali na nafasi, na nakala moja umwachie mtu unayemwamini. Anayehofia kitu kimoja kisipotee halali. Mwenye nakala mbili hulala.

Tatu, kumbuka kwamba toleo ulilolipenda bado lipo. Msanii akibadilika leo, hawezi kurudi nyuma kuyafuta yale uliyoyapata ulipokuwa na miaka 17.

Nne, mkaribishe mtu mmoja. Usianze na umati. Chagua jirani au mjukuu, mpigie wimbo mmoja na umweleze kwa nini unaupenda. Akiimba maneno vibaya, msamehe. Na wasichana wa Kapkatet walilitamka jina la Rodgers walivyoweza.

Tano, usimwandikie msanii wala shabiki mwenzako ukiwa na hasira. Lala kwanza. Asubuhi usome ulichotaka kupeleka, na uulize kama ungekisema mbele yake.

Sita, wenye shinikizo la damu wasiache dawa kwa sababu ya ghadhabu au huzuni. Presha ikipanda baada ya ugomvi, ipimwe tena mtu akiwa ametulia. Ikibaki juu, arudi kliniki.

Kwa jamaa wa shabiki

Usimcheke. Neno "ni wimbo tu" halijawahi kumponya mtu. Usizichome kaseti wala kuvitupa vitabu ukidhani unamtibu, maana utamwongezea msiba juu ya msiba na kupoteza imani yake. Badala yake keti naye, umwombe akusimulie: aliupata wapi wimbo huu? Alikuwa na nani? Majibu hayo yatakuonyesha kidonda kilipo kuliko mabishano ya mwezi mzima. Kijana aliyekata utepe naye aombe radhi kwa maneno kamili, na atafute fundi au nakala nyingine. Kumsaidia baba kuhifadhi kaseti zilizobaki kunaweza kuwa mwanzo wa kusemezana.

Ukiona zile dalili tano, mpeleke kwa daktari wa karibu. Kazi yetu ni kusikiliza, kupima na kuamua kama anahitaji mshauri, dawa au mapumziko tu. Hapa Eldoret, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi ina wataalamu wa afya ya akili, na kuelekezwa kwao si aibu wala si hukumu ya wazimu.

Na wewe msomaji mwenye wimbo wako wa moyoni, huna haja ya kuuacha. Jiulize tu mara kwa mara: tangu niupende, watu wangu wameongezeka au wamepungua? Wakiwa wameongezeka, endelea kusikiliza. Wakiwa wamepungua, mpigie simu leo mmoja wao.

Mwandishi ni daktari wa magonjwa ya kawaida mjini Eldoret.