Chozi Kwenye Waya wa Taa

ZUHURA: Babu! Pitia mlango wa uani tafadhali, huku barazani kuna mzazi.

BABU: Ee, mjukuu wangu. Mzazi gani tena?

ZUHURA: Ndege. Kajenga kwenye waya wa taa iliyoungua. Juzi nilidhani ni taka zimenasa, nikashika ufagio nizitoe, mara akachomoka mtu!

BABU: Ndivyo alivyotaka udhani. Huyo ni chozi. Sogea polepole uone. Hizo nyuzi nyeupe ni utando wa buibui, ndio kamba yake na ndio gundi yake. Humo kabandika majani makavu, nyasi na maganda ya mti, na hapo chini kaacha kamkia kananing'inia ovyo ovyo. Mlango uko ubavuni, na juu yake katokeza kiupenu cha kuzuia mvua. Ndani katandika sufi.

ZUHURA: Mwarobaini upo nje, mkungu upo. Kwa nini aje penye redio, watoto na ndoo zangu?

BABU: Kwa sababu ya hizo ndoo. Kunguru akiona kiota mtini, mayai hayafiki jioni. Lakini barazani, watu wakiingia na kutoka kutwa, anasita. Chozi kakufanya mlinzi, na mshahara hakulipi.

ZUHURA: Kunguru naye si ndege wa hapa hapa?

BABU: Huyu mwenye shingo ya kijivu? Asili yake India. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, Waingereza walipokuwa wakiutawala mji, eti ale takataka. Takataka akala, na makinda ya wenyewe akala. Akavuka kuja bara. Mombasa alionekana mwaka 1947. Kunguru wetu ni yule mwenye kifua cheupe, na hapa Dar es Salaam siku hizi humwoni kirahisi.

ZUHURA: Si wangeuawa tu?

BABU: Imejaribiwa. Zanzibar miaka ya 1990 waliwapunguza sana kwa mitego na sumu. Kazi ikasimama, kunguru wakajaa tena. Mwaka 2024 Kenya nao wakatangaza watawaua milioni moja. Mimi siipingi sumu ikiwa mikononi mwa wanaoijua, ila jalala likiwa wazi, wanaobaki watashiba na kuzaana. Hebu niambie, pipa lako huko nyuma lina mfuniko?

ZUHURA: Ulipasuka, babu.

BABU: Na utumbo wa samaki unautupa humo humo.

ZUHURA: Sasa niutupe wapi?

BABU: Uzike, au ufunge vizuri na pipa lifunikwe. Wewe mbele unamlinda chozi, nyuma unamwandalia kunguru karamu.

ZUHURA: Haya, nimesikia. Lakini huyu dume anayeng'aa, mbona simwoni akiingia kiotani? Yuko kwenye maua tu, anapiga kelele.

BABU: Haatamii. Kazi hiyo ni ya jike, huyo wa rangi ya vumbi. Mayai kwa kawaida mawili, anayalalia kama wiki mbili. Wakishaanguliwa, wanakaa wiki mbili nyingine au zaidi kidogo. Hapo baba naye utamwona akileta chakula.

ZUHURA: Niwawekee maji ya sukari? Si wanakunywa maua hawa?

BABU: Wakubwa ndio wanaofyonza maua. Kinda hukua kwa wadudu na vibuibui. Ukitaka kumsaidia, hiyo dawa ya mbu ya kupuliza usiipulize barazani, na buibui wa kwenye kona usiwafagie wote. Wali usimpe, maziwa usimpe.

ZUHURA: Na kanga zangu? Kamba ya kuanikia inapita hapo hapo.

BABU: Anika kama kawaida. Keshakuzoea. Asichokitaka ni mtu kusimama na simu usoni pake nusu saa, maana atakaa mbali na mayai yatapoa. Na ukishawakusanya watu kuchungulia, kunguru naye anapata habari.

ZUHURA: Mama mkwe kasema mtu akimgusa kinda, mama yake anamsusa kwa harufu ya mkono.

BABU: Mpe salamu zangu, lakini hilo si kweli. Kinda mtupu, asiye na manyoya, akianguka mrudishe kiotani taratibu. Ila ukiona kinda mmoja anazidi kuwa mkubwa, kiota hakimtoshi, na wenzake hawapo, usishangae. Huyo ni mtoto wa kekeo. Mama yake alitaga humo akaenda zake, na yeye akawasukuma wenye nyumba nje.

ZUHURA: Jamani! Nimtoe?

BABU: Mwache. Kekeo naye ni wa hapa, wanaishi hivyo tangu zamani. Sikiliza la maana zaidi. Siku moja utamkuta kinda mwenye manyoya anarukaruka sakafuni. Huyo hakuanguka, katoka kujifunza. Usimtie kwenye boksi. Mweke juu ya tawi, ondoka, wazazi watamlisha hapo hapo. Paka mfungie ndani.

ZUHURA: Paka ni wa jirani.

BABU: Jirani niachie mimi, baba yake tulicheza bao pamoja. Wewe nenda dukani kabla hawajafunga, ukanunue mfuniko.