Mdahalo Ndani ya Kipindi: Maswali ya Walimu na Wazazi

Shule nyingi za sekondari nchini Tanzania hufanya mdahalo mara moja kwa wiki, baada ya masomo. Wazungumzaji huwa walewale, na wengine wote hupiga makofi. Mdahalo unaozungumziwa hapa ni ule ambao mwalimu huuweka ndani ya kipindi ili kufundisha mada iliyomo kwenye muhtasari wa somo.

Mada gani inafaa?

Ile isiyoweza kujibiwa bila kusoma. "Elimu ni bora kuliko pesa" imezungumzwa miaka nenda miaka rudi, na haijamlazimisha mtu kufungua kitabu. Jaribu hii kwenye Historia, kuhusu kuhamishiwa kwa watu kwenye vijiji vya pamoja: "Operesheni Vijiji iliwanufaisha wakulima wa Tanzania." Wanaounga mkono watazungumzia shule, zahanati na maji yaliyosogezwa karibu na watu. Wanaopinga watataja familia zilizohamishwa kwa nguvu, mashamba yaliyoachwa mbali, na upungufu wa chakula wa 1974. Hapo mmoja atasimama na kuuliza: je, njaa ile ilisababishwa na ukame au na uhamisho? Swali hilo linazidi ukurasa mzima wa notisi za kunakili ubaoni, maana linamfundisha mwanafunzi kutenganisha sababu moja na nyingine.

Biolojia, Jiografia na Fasihi zina mada zake. Mada ambayo upande mmoja hauna ushahidi wowote iachwe.

Dakika 40 zinatosha?

Zinatosha ikiwa pande zimegawiwa siku kadhaa kabla. Wazungumzaji wakuu wawili kila upande, dakika tatu kila mmoja. Kisha wachangiaji kwa dakika kumi na tano hivi. Dakika kumi za mwisho ni za mwalimu, na zisiguswe. Ndipo anaposahihisha tarehe iliyokosewa, anapoonyesha hoja iliyotolewa bila ushahidi, na anapotaja jambo muhimu ambalo hakuna upande uliolikumbuka. Mdahalo ukikosa dakika hizo, darasa huondoka na makosa yaliyosemwa kwa sauti kubwa.

Darasa lina wanafunzi sabini. Je, wengine watafanya nini?

Waandike. Kila msikilizaji aandike hoja moja iliyomshawishi, hoja moja dhaifu, na sababu zake. Madaftari yakusanywe. Mkimya wa nyuma mara nyingi ndiye mwenye uchambuzi mzuri kuliko wote, na mdahalo ujao aanze yeye.

Mtoto hatakuwa mbishi nyumbani?

Wazazi wana haki ya kuuliza. Mdahalo mzuri una masharti: kusubiri zamu, kumwita mpinzani kwa heshima, na kuieleza hoja yake kwa uaminifu kabla ya kuipinga. Kwa sababu hiyo pia ni vyema mwanafunzi apewe upande asiouamini. Hafundishwi kusema uongo. Anatakiwa kujua kwa nini mtu mwenye akili timamu anafikiri tofauti naye.

Na Kiingereza?

Ndicho kinachowanyamazisha wengi. Ni lugha ya kufundishia sekondari, lakini mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza mara nyingi ametoka shule ya msingi iliyofundisha kwa Kiswahili. Waacheni wajadiliane kwa Kiswahili kwenye vikundi wakati wa maandalizi, kisha wapange hoja zao kwa Kiingereza. Alama zitolewe kwa hoja na ushahidi. Makosa ya sarufi mwalimu ayaandike pembeni na kuyafundisha siku nyingine, bila kumkatiza mtu aliyesimama.