Safari ya Tanga: Nguo za Pwani na za Mlimani

Msafiri aendaye Tanga hujiandaa kwa joto na unyevu wa bahari, nayo ni sawa: nguo nyepesi za pamba, kofia na chandarua humtosha mjini. Lakini wengi hupanda hadi Lushoto, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako baridi ya Juni hadi Agosti humlazimu asiye na sweta kuinunua kwa bei apangiwayo mwenye shida.

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, maporomoko huweza kuifunga barabara ya Mombo. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usikilizwe kabla ya kukata tiketi. Nguo zisifungwe katika mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa: imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019.