Rosa Mistika: Mwathiriwa au Shujaa wa Tanzia?

Makala haya yanadhamiria kumchunguza Rosa, mhusika mkuu wa riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), kwa vigezo vya tanzia. Ni rahisi kumsoma Rosa kama mwathiriwa wa malezi mabaya. Je, usomaji huo unatosha?

Kwa mujibu wa Aristotle, shujaa wa tanzia ni mtu mwenye hadhi, asiye mwema kupindukia wala mwovu kabisa, ambaye huanguka kwa sababu ya kosa lake. Kwa kigezo cha hadhi, Rosa hafai: ni binti wa Zakaria, mlevi wa kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe. Hata hivyo, mnamo 1949 mwandishi wa Marekani Arthur Miller alitetea hoja kwamba mtu wa kawaida naye anaistahili tanzia, mradi awe tayari kuitoa roho yake kwa ajili ya heshima yake.

Kigezo kigumu zaidi ni kosa. Zakaria anampiga Rosa vikali kwa ajili ya barua ya mvulana. Anamkinga dhidi ya wanaume bila kumfunza lolote kuwahusu. Wahenga walinena, udongo uwahi ungali maji. Zakaria aliuwahi, lakini kwa ngumi. Basi uhuru wa shuleni, na baadaye wa chuo cha ualimu Morogoro, unamkuta binti huyu hana ngao. Kufikia hapa Rosa ni mwathiriwa.

Lakini ipo dosari iliyo yake mwenyewe: anakubali thamani yake ipimwe kwa macho ya wengine. Kwanza ni macho ya baba, kisha ya wanaume anaoandamana nao, na hatimaye ya mchumba. Anapojirekebisha na kuanza maisha mapya, msomaji hutarajia wokovu. Kumbe toba hiyohiyo ndiyo inayomfikisha kwenye penzi la kweli, na penzi hilo ndilo linalomwangamiza pale mchumba anapomkataa kwa kuwa si bikira. Huo ndio mpinduko: tendo lililokusudiwa kuleta heri linazaa shari. Rosa angeweza kuikataa hukumu ya mchumba; badala yake anaitekeleza kwa mkono wake mwenyewe.

Kezilahabi haikomeshi kesi kaburini. Anawafikisha binti na baba mbele ya Mungu, na hapo lawama hugawanyika. Mgawanyo huo ndio kiini cha tanzia hii. Kumtwika Zakaria makosa yote ni kumnyima Rosa utu wa kuchagua. Kumtwika Rosa yote ni kuitakasa jamii iliyomlea. Kwa hiyo, Rosa ni mwathiriwa na ni shujaa wa tanzia. Mhakiki anayetenganisha sifa hizo mbili huisoma nusu tu ya riwaya.